Siku Majina ya Intaneti Yalipopotea Mbale

Mwalimu anayesimamia kurasa hizi za Kiswahili ameniandikia barua akitaka niwaelezeni wanafunzi kazi ninayoifanya tangu nilipotoka katika shule yetu. Nilisita kidogo, maana kazi ya kutunza kompyuta za kampuni si kazi yenye masimulizi. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekukumbuka. Yakiharibika, kila mtu anakupigia simu. Lakini iko Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba ambayo sitaisahau, siku niliyosafiri kutoka Jinja mpaka Mbale kutafuta kosa ambalo nilikuwa nimeliacha nyuma yangu Jinja. Nikiwasimulieni habari ya siku hiyo, nadhani mtafahamu jambo moja la intaneti ambalo watu wengi hulitumia kila siku bila kulijua, yaani jambo la majina.

Kampuni ninayofanyia kazi hununua kahawa na mahindi. Ofisi kubwa iko Jinja, na tawi lake liko Mbale, ambako wakulima wa milimani, kutoka Bududa, Sironko na kwingineko, huleta kahawa yao kupimwa. Mkulima akiisha pimiwa hupewa karatasi, na uzito wa kahawa yake huandikwa katika programu ya ghala, ambayo imo ndani ya mashine moja ya kampuni huko Jinja. Baadaye mtunza fedha wa Mbale hufungua tovuti ya benki, akapeleka malipo katika simu ya kila mkulima. Kwa hiyo, ili mkulima apate fedha yake, lazima vitu viwili vifanye kazi pamoja: programu ya ghala, ambayo ni ya ndani, na tovuti ya benki, ambayo iko nje. Tafadhali lishikeni hilo, maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Siku ile saa mbili asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa meneja wa Mbale. Akaniambia kwamba intaneti imekufa tangu walipofungua ofisi, wakulima wamejaa uani, na yule kijana anayetunza kompyuta pale amegusagusa mitambo, sasa hata programu ya ghala haifunguki kwa mtunza fedha. "Kijana wako ametuharibia kazi," akasema, "na Jumatatu namwandikia barua ya kumwachisha." Kisha akampa kijana simu. Kijana akaanza kunieleza, "Bwana, mimi nilikuwa najaribu..." lakini sikumpa nafasi. Nilimwambia aondoe mikono yake katika kila kitu mpaka nifike. Maneno hayo nayakumbuka kwa haya mpaka leo. Basi nikavaa, nikaenda kituoni, nikapanda taksi ya Mbale.

Ofisi ya Jinja haifunguliwi Jumamosi, wala sikupita kuitazama. Usiku ule mvua ya radi ilikuwa imenyesha, na umeme ukakatika. Mgeni hushangaa akisikia hivyo, maana mji wetu uko karibu kabisa na bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ambalo leo kituo chake cha umeme kinaitwa Nalubaale. Lakini kukaa karibu na kisima si kuwa na mtungi uliojaa. Nilipoamka taa zilikuwa zinawaka, nami sikufikiri zaidi.

Kutoka Jinja mpaka Mbale ni karibu kilomita 150. Unapita Bugembe na Iganga, ukifika Nakalama unaacha barabara ya Tororo na kushika ile ya Tirinyi, unapita Namutumba, unavuka mto Mpologoma na mabonde yake ya mpunga, kisha Wanale unaanza kuonekana mbele yako kama ukuta. Njia nzima macho yangu yalikuwa dirishani. Nilikuwa nikitafuta watu wenye sululu, maana nilikuwa nimekwisha hukumu moyoni: ama mtu amechimba mtaro na kukata waya wa mawasiliano, ama kijana ameharibu ruta. Hayo mawili tu. Wakati taksi inakwenda, niacheni niwaelezeni habari ya majina, kusudi tukifika Mbale tufahamiane.

Kila mashine iliyoungwa na intaneti ina namba yake, na barua zote zinazopita katika waya hupelekwa kwa namba hizo. Mashine hazijui majina. Sisi wanadamu ndio tusioweza kushika namba, tukapenda majina. Kwa hiyo kila mara unapoandika jina la tovuti katika kompyuta, kabla ya jambo jingine lolote kufanyika, kompyuta yako huuliza: jina hili namba yake ni ipi? Ikiisha jibiwa ndipo inaposafiri. Kuuliza jina ni kazi moja, na kusafiri ni kazi nyingine.

Zamani, mashine zilipokuwa chache, majina yote na namba zake yaliandikwa katika orodha moja tu, iliyotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko Menlo Park, California, na kila mwenye mashine alikwenda kunakili orodha hiyo. Mashine zilipozidi kuongezeka orodha ikawashinda. Mwaka 1983 bwana mmoja Mmarekani, Paul Mockapetris, akatoa mpango mwingine, nao ndio huu tunaouita DNS. Katika mpango wake hakuna anayejua majina yote. Kila mmoja anajua ya kwake, na anajua wa kumwuliza.

Hebu fikirini mgeni anayetafuta nyumba ya mkulima fulani katika milima ya Bugisu. Akiuliza mjini Mbale, wenyeji watamwambia: huyo hatumjui, lakini kijiji hicho kiko upande wa Bududa, nenda kaulize kule. Bududa watamwonyesha njia ya kijijini. Kijijini atapata mtoto wa kumfikisha mlangoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua njia nzima, na mgeni amefika. Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Juu kabisa kuna seva za mzizi, zenye majina 13, kuanzia A mpaka M, ingawa mashine zenyewe zinazofanya kazi chini ya majina hayo ni zaidi ya 1,000 duniani. Ukiziuliza jina linaloishia na "co.ug" zitasema: hatulijui, waulizeni wale wa "ug". Hao wa "ug" ndio watunzaji wa majina ya Uganda, ambayo yalianza kutumika mwaka 1995. Nao watakuelekeza kwa mwenye jina, na mwenye jina atakupa namba. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

Lakini kompyuta ndogo ya karani haiendi yenyewe kuzunguka dunia kuuliza. Inamtuma mtu. Katika kampuni yetu aliyetumwa ni seva moja iliyoko Jinja, na kompyuta zote, za Jinja na za Mbale, huiuliza hiyo. Seva hiyo ina kazi mbili. Kwanza, inajua majina ya ndani ya kampuni, kama vile jina la mashine ya ghala, majina ambayo hayajulikani na mtu yeyote wa nje wala hayapaswi kujulikana. Pili, ikiulizwa jina la nje, huenda ikaliuliza kwa niaba ya aliyeuliza, na ikipata jibu hulitunza kwa muda uliowekwa na mwenye jina, isije ikaulizwa tena baada ya dakika moja ikaanza safari upya.

Nilifika Mbale yapata saa sita. Uani kulikuwa na watu wengi, wengine wamekaa juu ya magunia matupu, na akina mama watatu wamelala chini ya mti na watoto wao. Mzee mmoja aliyenijua kwa sura akaniuliza, "Mwanangu, umekuja na hela zetu?" Nikamwambia nimekuja kuzitafuta, mzee wangu. Hakucheka.

Nilikaa mbele ya kompyuta ya mpimaji, ambayo kijana alikuwa hajaigusa. Jambo la kwanza nililofanya ni kuiacha kando habari ya majina nikaijaribu njia. Iko programu ndogo iitwayo ping, ambayo kazi yake ni kubisha hodi kwenye mashine nyingine na kungoja iitikiwe. Nikabisha hodi, si kwa jina, bali kwa namba. Namba ninayoitumia ni nyepesi kukumbuka, 8.8.8.8, nayo ni ya seva za majina ambazo kampuni ya Google iliziweka wazi kwa watu wote mwaka 2009. Ikaitikia mara moja.

Nilitazama kioo kama mtu aliyeona mzimu. Njia ilikuwa nzima. Waya haukukatika, ruta haikuharibika, na saa tatu zote nilizokaa dirishani nikitafuta wenye sululu zilikuwa za bure. Intaneti haikufa hata kidogo. Kilichokufa ni majina.

Nawaombeni msiipite hatua hii upesi. Mtu akisema "intaneti haipo," hajakuambia kitu. Mwulize kwanza: je, ukiita kwa namba inaitika? Ikiwa haiitiki hata kwa namba, tafuta waya, umeme, ruta, au deni la kampuni ya simu. Ikiwa inaitika kwa namba na kukataa kwa jina, acha waya, nenda katika majina. Laiti ningemwuliza kijana swali hilo saa mbili asubuhi, lakini nilikuwa nimemnyamazisha.

Sasa nikauliza majina yenyewe. Iko programu nyingine, dig, inayouliza jina na kuonyesha jibu lote lilivyo. Nikauliza jina la mashine ya ghala. Seva ya Jinja ikajibu sawasawa, na namba yake ikaja. Maana yake seva iko hai, na njia yetu ya siri kati ya Mbale na Jinja iko wazi. Nikauliza jina la benki. Likaja neno moja: SERVFAIL. Nikauliza jina la gazeti, jina la chuo, jina la kampuni ya ndege. SERVFAIL, SERVFAIL, SERVFAIL.

Hapa ni lazima nieleze, maana kushindwa kuko kwa namna tatu, na kila namna ina mlango wake. Namna ya kwanza ni kimya: unauliza, unangoja, hakuna jibu. Hapo aliyeulizwa amekufa, au swali limezuiwa njiani, na maswali ya majina hupita katika mlango namba 53, kwa hiyo unatazama kama ukuta wa ulinzi umeufunga mlango huo. Namna ya pili ni neno NXDOMAIN, yaani "hakuna jina kama hilo." Hilo ni jibu kamili. Aliyeulizwa amekwenda, ametafuta, amerudi, anasema halipo. Basi ama umekosea herufi, ama umemwuliza asiyehusika. Namna ya tatu ndiyo hii SERVFAIL, na maana yake ni "nimeshindwa." Haikusema jina halipo. Inasema: nilijaribu, nikakwama, usiniulize zaidi. Kati ya hizo tatu hii ndiyo niipendayo kidogo kabisa, maana haitoi sababu.

Nikamwita kijana. Nilimwuliza kwa sauti ya chini alichokifanya asubuhi, na safari hii nikanyamaza nisikilize. Akasema aliona tovuti ya benki inafunguka katika simu yake ya mkononi lakini haifunguki katika kompyuta. Akafikiri, kwa haki kabisa, kwamba benki iko hai. Akakumbuka kuwa zile seva za Google humjibu kila mtu, akaiondoa namba ya seva ya Jinja katika kompyuta ya mtunza fedha, akaweka 8.8.8.8. Mara benki ikafunguka! Wakafurahi kwa dakika mbili. Kisha mtunza fedha akafungua programu ya ghala ili aone nani anadai kiasi gani, ikakataa, maana seva za Google haziwezi kulijua jina la ghala letu. Zilijibu kwa ukweli: NXDOMAIN. Basi mtunza fedha akawa na benki isiyo na hesabu, na mpimaji wa pili akawa na hesabu isiyo na benki. Meneja akaona kijana amegusa, kitu kimezima, akakata shauri.

Watu wengi hufanya kama alivyofanya, hata mafundi wakubwa. Wengine huweka seva mbili pamoja, ya kampuni iwe ya kwanza na ya nje iwe ya pili, wakidhani kwamba ya kwanza isipojua, kompyuta itauliza ya pili. Sivyo. Kompyuta huenda kwa ya pili kwa desturi pale tu ya kwanza inaponyamaza au kushindwa, na ikiisha kupata neno "hakuna jina kama hilo" hulikubali kuwa ni jibu. Na siku ya kwanza itakapochelewa kujibu kidogo, kompyuta itahamia ya pili, na majina ya ndani yatapotea bila sababu ya kuonekana, kisha yatarudi, kisha yatapotea tena. Nimepata kuona ofisi iliyosumbuka hivyo miezi miwili. Ni afadhali kushindwa kabisa kuliko kushindwa mara kwa mara.

Hata hivyo jaribio la kijana lilikuwa limetupa habari yenye thamani kubwa. Mbale ikiuliza Google, jina la benki linajulikana. Mbale ikiuliza Jinja, halijulikani. Basi benki ni nzima, Mbale ni nzima, na mgonjwa yuko Jinja, katika chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Kwa bahati nzuri njia ya siri ilikuwa wazi, na mtu anaweza kuingia katika seva kutoka mbali akaitawala kama amekaa mbele yake. Nikaingia. Sababu za kawaida nazijua, nikazipitia moja moja. Mara nyingine seva imeagizwa iulize majina ya nje kwa seva ya kampuni ya mawasiliano, na kampuni hiyo imebadilisha namba bila kumwambia mtu. Nikajaribu, haikuwa hivyo. Mara nyingine mtu amefunga mlango namba 53. Nikauliza kutoka Jinja moja kwa moja kwenda nje, jibu likaja. Ziko seva za zamani, hasa za Windows 2000, ambazo zilijidhania kuwa ndizo mzizi wa dunia nzima, kwa sababu aliyeziweka aliacha ndani yake ukurasa wenye nukta moja tu, na seva ya namna hiyo haiulizi mtu yeyote kitu, maana hakuna aliye juu yake. Lakini yetu si ya aina hiyo.

Nikafungua daftari la seva, yaani mahali inapoandika yenyewe mambo yanayoipata. Mistari yote ilikuwa na tarehe ya mwezi wa Januari, mwaka 2010. Nikadhani nimefungua daftari la zamani, nikalifunga. Kumbe!

Saa saba ilikuwa imepita. Kijana akasema, "Bwana, yawezekana seva inapata jibu lakini inalikataa?" Sijui kama alijua uzito wa swali lake. Lakini kabla sijamjibu, yanipasa niwaelezeni kwa nini seva ikatae jibu.

Mpango wa mwaka 1983 ulikuwa wa watu wanaoaminiana. Ukiuliza njia ukajibiwa, unafuata. Lakini ikiwa mwizi amekaa njiani naye anajibu kabla ya mwenyeji? Utaandika jina la benki na kupelekwa katika nyumba ya mwizi iliyopakwa rangi ya benki. Mwaka 2008 mtaalamu mmoja, Dan Kaminsky, aliwaonyesha watu jinsi jambo hilo lilivyo rahisi kuliko walivyodhani, na watunzaji wa seva duniani kote wakashtuka. Tangu hapo watu wakaharakisha mpango wa kutia sahihi katika majibu, na mwezi wa Julai 2010 mzizi wenyewe wa majina ukatiwa sahihi. Seva yenye kujali, kama yetu, huanza kwa mzizi na kukagua sahihi hizo ngazi kwa ngazi. Isiporidhika, hulitupa jibu na kusema SERVFAIL. Na kwa kuwa ukaguzi huanzia juu, mzizi ukikataliwa basi kila jina chini yake limekataliwa, hata yale yasiyo na sahihi zake yenyewe. Majina ya ndani hayakaguliwi hivyo, maana seva inayajua kwa kitabu chake.

Basi dig inaweza kuiambia seva: nipe jibu bila kulikagua. Nikafanya hivyo, nikauliza jina la benki. Namba ikaja hapo hapo. Nikauliza tena kwa ukaguzi: SERVFAIL. Kijana alikuwa amesema kweli. Seva ilikuwa ikipata jibu zuri na kulitupa.

Nikalifungua tena lile daftari nililolidharau, na safari hii nikasoma maneno badala ya tarehe. Seva ilikuwa imeandika, mstari baada ya mstari, kwamba muda wa sahihi ya mzizi haujaanza. Haujaanza! Sahihi hizo, kama hundi ya benki, zina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kati yake ni siku chache tu. Nikaiuliza seva: leo ni tarehe gani? Ikajibu bila wasiwasi kwamba ni tarehe 1 Januari, 2010.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kuitembeza saa ya mashine wakati umeme haupo. Betri ya seva yetu ilikuwa imekufa, nani ajuaye tangu lini, na muda wote umeme ulipokuwapo haikuonekana. Usiku wa radi umeme ulikatika, betri kubwa ya akiba ikaishiwa nguvu, seva ikazimika. Ilipoamka haikujua ni lini, ikaanza kuhesabu tangu siku iliyochongwa ndani yake na waliomtengeneza. Saa yake ilionyesha mchana wa siku ile ya kwanza, na nilipoondoa zile saa tatu ambazo saa ya Afrika Mashariki inaitangulia saa ya Greenwich, nikapata kwamba imekuwa macho kwa muda wa saa tisa na dakika arobaini. Nikarudi nyuma kwa vidole: umeme ulirudi saa tisa na nusu usiku. Nikampigia askari wa ofisi ya Jinja kumwuliza. "Ndiyo, mwanangu," akasema, "taa ziliwaka kama saa tisa hivi, karibu na kumi." Nilifurahi kama mtoto aliyepata hesabu.

Mtauliza, je, seva haikuwa na njia ya kuuliza saa kwa wengine? Ilikuwa nayo. Ziko mashine duniani zinazotoa saa sahihi kwa yeyote anayeuliza, na seva yetu iliagizwa iziulize kila mara. Ila mimi mwenyewe, miaka mitatu nyuma, niliandika mashine hizo kwa majina. Ili ijue saa, ilihitaji kujua namba ya jina. Ili ijue namba ya jina, ilihitaji kujua saa. Nilikuwa nimefungia ufunguo ndani ya sanduku lake. Kosa hilo lilikuwa langu, si la kijana, na limekaa pale miaka mitatu likingoja mvua.

Dawa yake ilichukua muda mfupi kuliko kuieleza. Nikaandika tarehe na saa kwa mkono, nikaiambia seva isahau yote iliyokuwa imeyatunza, nikaianzisha upya. Nikauliza jina la benki kwa ukaguzi kamili, likajibiwa. Kijana akairudisha kompyuta ya mtunza fedha katika seva ya Jinja, na programu ya ghala na tovuti ya benki zikafunguka pamoja katika kioo kimoja. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Malipo yakaanza kwenda, na kutoka uani tukasikia simu zikilia moja moja, kisha nyingi kwa pamoja. Wa mwisho alilipwa saa kumi na moja. Wale wa mbali walikuwa wamekwisha kosa magari ya kupanda mlimani, na sijui walilala wapi.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ndiyo kusema barua ya kuachishwa niandikiwe mimi. Sikujua kama anatania. Barua haikuandikwa kwa mtu yeyote. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu nilikuwa nimemnyamazisha mbele yao.

Jumatatu nilibadilisha betri ile. Bei yake ni shilingi elfu chache. Nikaiagiza seva iulize saa kwa ruta ya ofisi kwa namba, na kwa mashine nyingine mbili za nje kwa namba vilevile. Namba hubadilika kuliko majina, kwa hiyo nimeandika katika kalenda nizikague kila baada ya miezi sita. Nikaweka pia onyo: saa ya seva ikitofautiana na ya ruta kwa zaidi ya dakika tano, ujumbe unakuja katika simu yangu.

Kijana naye akauliza swali jingine, kwa nini Mbale itegemee seva moja iliyo umbali wa kilomita 150. Sikuwa na jibu zuri. Sasa iko seva ya pili Mbale, inanakili majina ya ndani kutoka Jinja na kuuliza ya nje yenyewe, naye ndiye mtunzaji wake. Kila Jumamosi asubuhi, kabla magunia hayajaanza kupimwa, hunitumia ujumbe mfupi wenye tarehe na saa za seva zote mbili. Jumamosi iliyopita zilitofautiana kwa sekunde moja, akataka nimweleze ni kwa nini.